Kifaranga cha Sita

"Mzee, nakuuliza kwa mara ya tatu," Inspekta alisema, "na nakuomba unijibu kama mtu anayetaka kusaidiwa. Hicho kifaranga ulikiona wapi kwa mara ya mwisho?"

"Sikukiona."

"Jumamosi hukukiona?"

"Sikukiona kabisa. Ningekiona, kingepoteaje?"

Inspekta alifunga daftari lake, akalifungua tena. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, na tayari kichwa kilikuwa kinamgonga. Saa nane mchana alitakiwa kumfikisha mahakamani mke wa mwana wa mzee huyu, mwanamke wa miaka ishirini na tisa aliyelala mahabusu siku mbili kwa tuhuma ya kuiba kifaranga cha dhahabu kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Akishasomewa shitaka, ndiyo basi. Hata angeachiwa baada ya mwaka, hakuna sonara ambaye angemkalisha tena kwenye meza ya kazi. Katika kazi ya dhahabu, mtu akishatajwa ametajwa. Naye Inspekta alikuwa ameshakamata wezi wa kutosha maishani kujua kwamba hapa hajamwona mwizi. Alichokiona ni familia ya watu wasiosikilizana hata kidogo.

Sonara alikuwa anajibu bila kuacha kazi. Jicho la kulia alikuwa amelibania kijibomba cheusi chenye kioo cha kukuzia, la kushoto amelifumba mpaka shavu limepanda na mdomo umekwenda upande. Hivyo ndivyo alivyokuwa anaongea tangu Inspekta aingie. Iliyotazamwa ilikuwa pete, polisi alipewa sikio tu.

Nyuma yake, mwanawe, mume wa huyo aliyelala mahabusu, alikuwa anavuta waya na kupiga miayo. Maelezo yake kituoni yalikuwa na maneno matatu: "Mimi nilikuwa nimelala." Na kwenye kiti pekee cha wateja alikaa shangazi wa bibi harusi aliyetengenezewa mkufu, mwenye mali, kifua mbele, mkoba mapajani, amekuja tangu mlango unafunguliwa ili kusubiri haki yake.

Mali yenyewe ilikuwa ndani ya kisanduku juu ya kaunta. Inspekta alikifungua tena, ingawa alishajua yatakayompata. Mkufu wa dhahabu, na kwenye mkufu mama kuku amevimba kifua kama mtu aliyeulizwa umri wake. Nyuma yake vifaranga vitano. Cha kwanza kinapiga miayo. Cha pili kimeanguka matako chini na hakielewi kilichotokea. Cha tatu kimepinda shingo kuchungulia ya wenzake, umbea mtupu. Cha nne kinaburuta mnyoo mrefu kuliko chenyewe. Cha tano kimeficha kichwa chini ya bawa na kuacha makalio yote nje. Inspekta alicheka. Alicheka Jumamosi, alicheka jana, na leo amecheka tena, na hilo lilimuudhi, maana mtu hachekei kielelezo cha kesi.

"Nani alivichora hivi?"

"Nani mwingine?" sonara alisema. "Huyo huyo. Mimi niliambiwa kuku na vifaranga sita. Kuku ana mdomo, mabawa mawili, miguu miwili, macho mawili. Ndivyo nilivyofundishwa na baba yangu. Upuuzi mwingine wote huo ni wake."

"Wateja wanaufuata huo upuuzi wake, Mzee."

"Wateja!" sonara alisema, kana kwamba ametaja ugonjwa.

"Nipo hapa, nakusikia," shangazi alisema.

"Haya, tuanze upya," Inspekta akadakia kabla hawajaanza. "Ijumaa jioni."

"Mimi niliondoka saa kumi na moja. Yeye alibaki kumalizia. Jumamosi nikafungua mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, peke yangu. Nikafagia, nikasafisha meza zote. Nikakusanya mabaki ya dhahabu ya Mama huyu, nikayayeyusha, nikayafunga kwenye karatasi, nikaandika uzito. Humu ndani kila mteja ana kopo lake. Dhahabu ya huyu haigusani na ya yule. Hata vumbi la tupa namrudishia mwenyewe. Uliza mtaa mzima."

"Hilo kweli," shangazi alisema akipigapiga mkoba wake. "Mabaki alinipa, ninayo hapa. Kifaranga ndicho sikupewa."

"Halafu?"

"Saa tatu Mama akaja. Nikafungua trei, vifaranga vitano. Namuuliza binti, cha sita kiko wapi? Anasema alikiacha juu ya meza yake. Meza niliisafisha mimi! Hakukuwa na cha sita. Nikamwambia akitoe, akaanza kulia. Mtu asiye na kosa analia nini?"

"Huenda analia kwa sababu anaitwa mwizi mbele ya watu."

"Angejibu, asilie."

Inspekta alitazama saa. Alikuwa na mama mzazi nyumbani mwenye majibu ya aina hii hii, na alikuwa amedhani kazini ndiko anakopumzikia.

*

Mwenye habari mpya alikuwa fundi saa wa mlango wa pili. Alikuwa amemwambia Koplo wa kituo kwamba anajua kitu, lakini atamwambia mkubwa wake tu. Inspekta alimkuta amekaa kwenye kibanda cha kioo katikati ya saa thelathini ambazo hakuna mbili zilizokubaliana.

"Nilimwona, Afande. Ijumaa, kwa macho yangu haya mawili. Alifungua droo, akatoa kitu, akakifunga kwenye leso, akatazama huku, akatazama kule, akakitumbukiza kwenye mkoba."

Inspekta alikuwa ameanza kuamini kwamba yule dada hana kosa. "Kitu gani?"

"Cha manjano."

"Cha dhahabu?"

"Nimesema cha manjano. Mimi nasema nilichokiona tu."

"Vizuri. Ukubwa wake?"

Fundi saa alionyesha kwa vidole, kitu chenye ukubwa wa yai la kuku.

"Baba, kifaranga chenyewe ni kama ukucha huu hapa."

"Labda kilionekana kikubwa kwa sababu ya leso."

"Si umesema alikifunga baada ya kukitoa?"

"Afande, mimi natengeneza saa. Hayo ya mahakama ni yenu." Alikuwa anaongea amepinda shingo, macho kwenye mlango wa sonara, asije akapitwa na anayeingia au anayetoka. Inspekta alimtazama ile shingo. Aliiona wapi shingo hii? Aliiona nusu saa iliyopita, kwenye kisanduku, ya dhahabu.

Akasimama pale pale. Shingo ni ya fundi saa. Miayo ni ya mume. Mama kuku aliyevimba kifua, jamani, si shangazi yule pale kitini na mkoba wake! Yule dada hakuwa amebuni kitu. Alikuwa anawatazama watu wanaomzunguka siku nzima na kuwatia kwenye dhahabu, na hakuna hata mmoja aliyejitambua.

Ilikuwa habari tamu, ila haikumwambia kifaranga kiko wapi.

*

Kituoni alimkuta Koplo ananawa mikono kwenye sinki la uani.

"Koplo, mkoba wa yule dada mliupekua Jumamosi?"

"Tuliupekua, Afande. Ufunguo, kitana, leso moja, simu, na kipande cha sabuni. Vyote nimeviorodhesha. Hakuna dhahabu."

"Sabuni ya rangi gani?"

"Ya manjano. Hii ya kufulia."

"Iko wapi?"

Koplo alitazama mikono yake, iliyojaa povu mpaka kwenye viwiko. "Sabuni ya kituo iliisha tangu Alhamisi, Afande."

"Ala! Umenawia kielelezo?"

"Ilikuwa sabuni, Afande!"

Inspekta alimnyang'anya. Kilikuwa kifaranga. Sabuni ya kufulia iliyochongwa kwa kisu kidogo, ukubwa wa yai, tumbo limelika kwa kunawiwa siku mbili, lakini kichwa bado kizima. Jicho moja lilikuwa limefumbuliwa wazi, la pili halikuwepo. Mdomo umekwenda upande.

"Na jicho lingine umelinawa?"

"Hapana, Afande, naapa. Kilikuwa hivyo hivyo tangu mwanzo, jicho moja. Mimi nilidhani ni kibovu, ndiyo maana nikakitumia. Kingekuwa kizima nisingekigusa."

Inspekta aliinua kichwa. "Rudia."

"Nisingekigusa, Afande."

"Kabla ya hapo."

"Nilidhani ni kibovu."

Inspekta alikipeleka kwenye mwanga. Mahali pa jicho la pili palichongwa mstari mmoja mwembamba, umepinda, na shavu limepandishwa juu yake. Hapakukosekana kitu. Jicho lilikuwa limefumbwa kwa makusudi, na kazi yake imefanywa kwa uangalifu kuliko yote. Alikwenda mahabusu karibu anakimbia.

Yule dada alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, na macho yake yalishakauka. Alipoona sabuni alivuta pumzi. "Mmeifanya nini?"

"Usiulize. Hiki ndicho kifaranga cha sita?"

"Mfano wake. Kila kitu nakichonga kwanza kwa sabuni, nikiridhika ndiyo nakitia kwenye dhahabu. Baba hataki, anasema nachezea muda, ndiyo maana nauficha. Afande, nimewaambia tangu Jumamosi! Kilichopotea ni kile kilichofumba jicho. Nimemwambia huyu hapa mara nne!"

Inspekta alimgeukia Koplo.

"Niliandika 'kifaranga kimoja cha dhahabu', Afande. Jicho sikuona kama linahusu."

"Uliondoka Ijumaa ukakiacha wapi hasa?" Inspekta aliuliza, taratibu, maana angepandisha sauti angepiga mtu.

"Juu ya meza yangu, kwenye kitambaa, peke yake. Vitano viliingia kwenye trei. Hicho nilikuwa bado sijakitia pete ya kuning'inizia. Nilisema nitaitia asubuhi."

"Simama. Vaa viatu. Koplo, leta gari, na hiyo mikono ukaioshe kwa maji matupu."

*

Saa sita kasoro robo waliingia dukani. Shangazi alikuwa bado kitini. Mume aliona mkewe anaingia katikati ya polisi wawili, akaweka waya chini, akasimama, akakaa tena. Mkewe hakumtazama. Fundi saa alikuwa ameshafika mlangoni, bila kuitwa.

"Mzee," Inspekta alisema, "nina swali moja dogo. Jumamosi alfajiri, ulipokuwa unasafisha meza ya mke wa mwanao, ulikuta kibovu chochote?"

"Kibovu?" Sonara hakuinua uso. "Ndiyo. Kifaranga kimoja, chongo. Jicho moja, hata pete hakina."

Inspekta alisogea kwenye meza.

"Ukakifanya nini?"

"Kibovu hufanywa nini? Nilikitia kwenye kopo la mabaki, nikakiyeyusha."

"Na muda wote huu hukusema!"

"Hukuniuliza habari za vibovu. Uliniuliza kilichopotea. Kile hakikupotea, nilikiyeyusha mwenyewe."

Inspekta alishika kaunta kwa mikono miwili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amedanganywa na watu wa kila aina, na hakuna aliyewahi kumchosha kama huyu msema kweli.

"Baba," yule dada alisema, "hicho ndicho kilikuwa cha sita."

"Cha sita gani? Kile kilikuwa kibovu. Ulikiharibu, ukatengeneza kizima badala yake. Hicho kizima ndicho ninachokidai."

"Sawa," Inspekta alisema. "Tusibishane. Mama, ulipoleta dhahabu yako, mlipima?"

"Tulipima," shangazi alisema. "Bangili zangu za zamani, gramu arobaini na nane. Mbele yangu."

"Mzee, weka mkufu kwenye mizani. Kuku na vifaranga vitano."

Sonara aliweka. Mizani ilitulia kwenye thelathini na nane.

"Mama, nipe hiyo karatasi ya mabaki."

"Haya ni yangu!" Shangazi aliukumbatia mkoba.

"Mama, tafadhali. Nimechoka."

Karatasi ikatoka. Ndani yake kilikuwamo kidonge cha dhahabu, kizito, cha mviringo, na juu ya karatasi mkono wa sonara ulikuwa umeandika: kumi. Inspekta alikiweka mwenyewe kwenye mizani, pembeni ya kuku. Arobaini na nane, bila kupungua.

"Dhahabu yote aliyoileta Mama ni hiyo hapo," alisema. "Kama kingekuwepo kifaranga kingine kizima, kingetengenezwa kwa dhahabu ya nani? Kilichoyeyushwa ndicho hicho hicho. Na tangu Jumamosi, huyu Mama anakidai kwa kelele huku amekipakata."

"Mungu wangu!" shangazi alisema, akautazama mkoba wake kana kwamba umemng'ata.

Sonara aliinamia mizani. Alihesabu kwa midomo, akahesabu tena. Hakuwa mtu wa kubishana na mizani. Lakini bado alitikisa kichwa. "Kifaranga chongo? Nani atamvisha bibi harusi kifaranga chongo?"

Inspekta aliitoa sabuni mfukoni, akaiweka kwenye kitambaa cha kazi mbele yake.

Kwa mazoea ya miaka arobaini, sonara alibania kioo kwenye jicho la kulia, akafumba la kushoto, akainama. Shavu likapanda. Mdomo ukaenda upande. Wakatazamana, yeye na sabuni, uso kwa uso.

Shangazi ndiye aliyeanza. Ilimtoka puani, akajaribu kuizuia kwa leso, ikamshinda. Fundi saa akafuata pale mlangoni, akajishika mbavu. Hata yule mume alicheka, na alikuwa wa kwanza kuacha.

"Mnacheka nini?" sonara aliuliza, bado ameinama, jicho bado limefumbwa.

"Si chongo, Baba," mkwewe alisema. "Ni wewe. Ndivyo unavyokaa siku nzima. Nilitaka na wewe uwemo."

Sonara alitoa kioo jichoni. Jicho la kushoto lilichukua muda kufunguka. Aliona haya, na kila mtu mle ndani aliona kwamba ameona haya. Hakuwa na mahali pa kujificha, duka lenyewe lilikuwa hatua tano.

"Siku mbili," alisema mwishowe.

"Na usiku wake, Baba. Sakafuni."

Inspekta alisukuma karatasi na kalamu mbele ya mzee. "Andika kwa mkono wako, utie sahihi. Bila hiyo namfikisha mahakamani saa nane, upende usipende."

Sonara aliandika polepole, herufi ndogo ndogo kama anachora juu ya pete. Inspekta alisoma: *Hakuna kilichoibwa. Nilikiona, sikukielewa, nikakiyeyusha. Nilimsingizia mke wa mwanangu. Naomba anisamehe.* Hakuwa ameombwa sentensi hiyo ya mwisho. Inspekta alimpa yule dada karatasi aisome mwenyewe. Alisoma, akaikunja, akairudisha.

"Ukikitengeneza tena..." sonara alianza.

"Leo nakwenda kuoga na kulala. Kesho."

"Kesho. Nasema, hilo jicho."

"Nilifumbue?"

"Hapana! Liache." Alikohoa. "Hii sabuni, ilifikaje kwenye mkoba wako?"

"Nilimpelekea Mama mkwe nyumbani Ijumaa. Zote huwa nampelekea, anaziweka chini ya mto wake. Hii alinirudishia. Aliniambia, nenda kamwonyeshe mzee mwenyewe. Nilitaka kukuonyesha Jumamosi."

"Yeye aliiona?"

"Aliiona. Alicheka mpaka akashika nyonga, akaniambia nitamuua kwa kicheko."

"Alicheka?" Sonara alikaa. Mkewe alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga mwezi wa pili, na huu ulikuwa wa tisa. "Tangu aanguke sijamsikia akicheka."

Alitandaza leso yake juu ya meza, akaiweka sabuni katikati, akaifunga kwa uangalifu ule ule anaofungia dhahabu ya watu, akaitia mfuko wa shati. Kisha akachukua ufunguo wa duka, mchana kweupe, na wateja wawili wanasubiri nje, akaanza kufunga dirisha.

"Hicho ni kielelezo, Mzee," Koplo alisema.

"Koplo," Inspekta alisema, "nyamaza."